Sanduku la babu limejaa makaratasi ya ndege za zamani, nianzie wapi?

BinMaweni (Malindi)

Assalam aleikum wakubwa kwa wadogo, naomba msaada wenu manake hapa nyumbani nimebanwa. Babu yetu mzaa mama alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu, na ujana wake wote alikuwa kwenye kazi za ndege, kwanza Nairobi kwenye karakana za East African Airways, halafu shirika lilipovunjika 1977 akarudi kwao hapa Malindi akawa anasaidia saidia mafundi wa vindege vidogo. Sanduku lake la bati lilikaa chini ya kitanda miaka yote na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuligusa, sisi tulidhani ni hati za shamba. Wiki iliyopita mamangu akaona mchwa wametoka kwenye ufa wa ukuta wamejenga njia mpaka mguu wa kitanda, tukalitoa uani tukalifungua, kumbe ni makaratasi ya ndege mpaka juu.

Nilivyoona mpaka sasa ni hivi. Kuna buku moja nene la spea, jalada limekunywa grisi mpaka limekuwa kama ngozi, ndani ni michoro ya vipande vya ndege vimetawanyika kila kimoja na namba yake. Kuna broshua ya Cessna ya rangi, safi, utadhani imepigwa chapa jana. Kuna vitabu vitatu vilivyojazwa kwa mkono, tarehe na saa na sahihi. Kuna karatasi kubwa za buluu zenye mistari myeupe, zimekunjwa kunjwa. Halafu kuna bahasha ya kaki ina kurasa mojamoja zilizopigwa msalaba kwa kalamu nyekundu, hizo nilikuwa nshazitenga na takataka.

Sasa yuko jamaa alisikia habari akaja mpaka nyumbani, anataka broshua na zile za buluu tu, anasema atazitia fremu aziuze mahotelini, haya mengine anasema ni ya kuwashia jiko. Pesa anayotaja si mbaya. Mama anataka sanduku litoke kabla mchwa hawajaingia kabatini. Mimi roho inakataa lakini sina hoja ya kumpa mama. Hivi vitu vina maana au ni mapenzi ya babu tu? Na tukiviweka, tunaviweka vipi na hili joto na unyevu wa huku kwetu?

FundiMstaafu (Watamu)

Waaleikum salaam mwanangu, poleni kwa msiba. Usiuze kitu kwanza. Na ile bahasha ya kurasa zenye msalaba kaitoe kwenye takataka sasa hivi kabla hujamaliza kusoma hapa.

Nieleze kwa nini. Buku la fundi wa ndege halimaliziki kuandikwa. Kiwanda kikigundua kosa au kikibadilisha kipande kinaleta kurasa mpya, unachomoa ule wa zamani unatia mpya, na ukingoni mwa ule mpya utaona mstari mweusi wa kusimama kando ya maneno yaliyobadilika. Mwanzo wa buku kuna orodha ya kurasa zinazotumika na tarehe ya kila moja, mkaguzi akija anaanza na hiyo hata salamu hajamaliza. Ukurasa uliotolewa unatakiwa uharibiwe, usije ukarudi kazini ukaua watu. Tulikuwa tunazichoma kwenye pipa nyuma ya hanga, mimi mwenyewe nimechoma sijui mara ngapi. Kwa hiyo buku zima waweza kulipata kwa mtu Uingereza au Marekani, lakini kurasa zilizotolewa, zile zinazoonyesha kiwanda kilifikiria nini kabla hakijabadili mawazo, hizo zimekwenda na moshi. Babu yako alizipiga msalaba ili mtu asizitumie, hiyo ndiyo kazi safi, halafu akazihifadhi. Chukua mmoja wenye msalaba, utafute wenye namba hiyohiyo ndani ya buku, uweke pamoja usome. Utaona kilichobadilika.

Buku la spea lenyewe, lisome hivi. Kila mchoro una namba, kila kipande kwenye mchoro kina namba, kisha kwenye orodha unapata namba ya kiwanda, jina, idadi, na safu ya pembeni inayosema kipande hiki ni cha ndege kuanzia namba gani ya kiwandani mpaka namba gani. Majina yaliyosogezwa ndani ni watoto wa lile lililo juu yao, yaliyosogezwa zaidi ni wajukuu, ukizoea unaona ukoo mzima wa gurudumu au wa injini. Bolti nyingi utazikuta zinaanza na AN. Hizo ni herufi za jeshi la nchi kavu na la majini la Marekani, na tarakimu inayofuata ni unene kwa sehemu za kumi na sita za inchi, AN3 ni tatu ya kumi na sita, AN4 ni robo inchi. Nilipokuwa mwanafunzi fundi mkuu alikuwa anatia bolti mfukoni mwangu nizitaje kwa vidole bila kuangalia, na ukikosea unaosha vipande kwa mafuta ya taa siku nzima.

Angalia jalada uniambie limeandikwa nini. Kama kuna namba 01-40NC hilo ni la C-47, yaani Dakota ya jeshi. Ikimalizika na 1 ni la rubani, 2 ni la matengenezo, 4 ni la spea. Na vile vitabu vitatu vya mkono usivifunge pamoja na kamba wala usiseme ni vya ndege moja mpaka tuvisome.

Kibarua_wa_Soko (Malindi)

Mimi nitasema tofauti kidogo na msinikasirikie. Mama ana haki, nyumba ikiingia mchwa mnahama nyinyi si makaratasi. Kama huyo mnunuzi anatoa pesa ya kutengeneza ule ufa wa ukuta basi kaka yangu uza broshua, hata babu angependa binti yake alale salama. Haya mambo ya kuhifadhi ni mazuri kwa mwenye kabati la kioo na feni.

Katalogi_Kuukuu (Malindi, Shela)

Kibarua hoja yako naiheshimu na ule ufa uzibwe kweli, lakini akiuza leo atauza kwa bei ya mtu mwingine manake yeye mwenyewe hajui ana nini. Ajue kwanza. Akishajua akaamua kuuza, auze.

Mimi nakusanya katalogi za biashara na broshua za ndege mwaka wa kumi na mbili huu, na zaidi ya vyote napenda zile za kuuzia spea kwa posta. Watu wengi wanatamani picha ya ndege nzuri, mimi natamani orodha. Baada ya vita vya kwanza vya dunia Marekani ilibaki na maelfu ya ndege za mafunzo za Curtiss Jenny na injini zake za OX-5, nguvu ya farasi 90, zikauzwa kwa raia kwa bei ya kutupa, basi pakatokea wafanyabiashara wa kuuza vipande vyake kwa katalogi, mmoja wao Nicholas-Beazley wa mji wa Marshall, Missouri. Ukishika katalogi za zama hizo unakuta kitambaa cha kuvisha bawa kinauzwa kwa yadi, rangi ya kukaza kitambaa kwa galoni, uzi uliotiwa nta, sindano ndefu, mbao. Yaani ndege ilikuwa kazi ya mshonaji na seremala! Na msidhani ni mambo ya mbali, East African Airways yenyewe ilianza kuruka 1946 na Dragon Rapide sita, ndege za mbao na kitambaa zenye mabawa juu na chini.

Sasa broshua yako. Mara nyingi hazina mwaka na hapo ndipo watu wanadanganyana bei. Mimi naanza na anwani ya kiwanda: Marekani walianza namba za posta za tarakimu tano 1963, kwa hiyo ukiona tarakimu tano baada ya jina la jimbo, hiyo broshua ni ya 1963 au baadaye. Halafu geuza jalada la nyuma uangalie pembe ya chini, mpiga chapa anaacha herufi ndogo sana zenye mwezi na mwaka, wakati mwingine na idadi ya nakala, chukua lenzi. Halafu ndege yenyewe inasema. Kama ni Cessna 172, ilianza kuuzwa 1956 ikiwa na mkia uliosimama wima, 1960 wakaulaza nyuma, 1963 wakaweka dirisha la nyuma. Na hii ni kwa wale wa hesabu: 172 imetumia umbo la bawa linaloitwa NACA 2412, NACA ilikuwa idara ya Marekani ya utafiti wa ndege, ile 2 ni mpindo wa asilimia 2 ya upana wa bawa kutoka mbele hadi nyuma, 4 ni kwamba mpindo mkubwa uko asilimia 40 kutoka mbele, 12 ni unene asilimia 12. Ripoti ya NACA iliyoeleza umbo hilo pamoja na mengine 77 ni ya 1933, na ripoti zao zimewekwa bure kwenye intaneti na NASA, ambayo ndiyo iliyoirithi NACA 1958. Mimi nikipata broshua napenda kuiweka na ripoti iliyoizaa.

La mwisho na hili linaniuma. Zile za buluu usizipeleke duka lolote likufanyie lamineti. Nilikuwa na mchoro wa bawa wa zamani, nikaupeleka mahali hapa mjini wanitolee kopi, nikaenda kuswali adhuhuri, niliporudi kijana ameutia plastiki kwa joto kwa nia njema kabisa, ati usiharibike. Umekuwa kahawia, na ule plastiki hautoki bila kung'oa karatasi. Niliketi nje ya duka nikashindwa kusema.

BinMaweni

Wallahi sikutegemea majibu haya, mzee wangu FundiMstaafu shikamoo na nakushukuru sana. Jalada nimelipangusa kwa kitambaa kikavu na imeandikwa 01-40NC-4 kama ulivyosema, kwa hiyo ni spea za Dakota. Ile bahasha nimeitoa, kurasa ni 61. Nimefanya ulivyoniagiza, nikachukua moja ya mguu wa ndege nikailinganisha, michoro inafanana kabisa isipokuwa kwenye mpya kuna ringi moja imeongezwa na kwenye ya zamani babu ameandika pembeni kwa penseli "hapa inavuja". Yaani aliona kabla hawajabadilisha au aliandika baada, sijui, lakini nimekaa nayo usiku mzima.

Broshua: anwani haina tarakimu tano, mkia umesimama, dirisha la nyuma hakuna.

Vitabu vitatu: kimoja kina namba ya ndege inayoanza na VP-K. Kingine kina jina la Pratt & Whitney na namba ndefu, hicho nadhani ni cha injini, hakina jina la ndege juu. Cha tatu nadhani ni cha propela. Mbona kile cha injini ndani yake kuna ndege mbili tofauti? Alikosea?

FundiMstaafu

Marahaba. Hakukosea. Ndege ina kitabu chake, injini ina chake, propela ina chake, na kila kitabu kinafuata mwenyewe. Injini ikitimiza saa zake inashushwa inafunguliwa yote, ikitoka huko yaweza kupandishwa kwenye ndege nyingine kabisa, na kitabu kinakwenda nayo. Tafuta mstari unaosema imetolewa, kushoto au kulia, saa ngapi tangu ifunguliwe, kisha mstari wa chini yake unaosema imefungwa wapi. Ile ni injini ya silinda 14, R-1830, mistari miwili ya saba saba. Nimezipenda injini zile, zinamwaga mafuta kidogo kila mahali, na ukikuta chini pakavu unauliza kama mafuta yamo.

VP-K ni herufi za Kenya wakati wa mkoloni. Uganda ilikuwa VP-U, Tanganyika VR-T. Baada ya uhuru Kenya ikachukua 5Y, Uganda 5X, Tanzania 5H. Kwa hiyo kitabu ukikuta VP-K imekatwa na juu yake imeandikwa 5Y, tarehe ya pale ni tarehe ya ndege kubadilishwa uraia kwa mkono wa karani. Piga picha ukurasa huo, ukiwepo.

Jambo moja la hatari nilitaje. Atakuja mtu mwenye ndege ya zamani akuombe buku alitumie. Mwonyeshe, mpe kopi kama unataka, lakini buku ambalo halijapokea kurasa mpya miaka hamsini haliwi ruhusa ya kufungia bolti ndege inayoruka. Andika kwenye karatasi uiweke juu: ni la kusoma tu. Usiandike kwenye jalada.

BintAmu (Lamu)

Hamjambo nyote. Mimi si mtu wa ndege, mimi ni mtu wa karatasi, kazi yangu huku Amu ni kusafisha vitabu na hati za kale za familia, na nimelelewa Matondoni kwenye majahazi, kwa hiyo kaka Katalogi aliposema uzi wa nta na kitambaa kwa yadi nimeelewa kabisa, ni tanga hilo.

Kaka BinMaweni, usianike. Najua utashauriwa uanike juani ili mchwa na ukungu vife. Ukungu utakauka juu, karatasi itapauka na kukatika, na zile za buluu zitafifia mbele ya macho yako kwa sababu rangi ile ni ya chuma na imetengenezwa kwa mwanga, ni ufundi wa John Herschel wa 1842, mwanga uliozizaa ndio unaozimaliza. Zikififia kidogo ukaziweka gizani rangi hurudi kiasi, lakini usizijaribu. Jambo ambalo hata wahifadhi wengine hulikosea: michoro ya buluu haipendi alkali. Zile karatasi na mabahasha ya kuhifadhia yanayouzwa ati yana dawa ya kuua asidi ni mazuri kwa buku lako la spea, ila kwa za buluu ni sumu, zinageuka kahawia. Ziwekee karatasi ya kawaida isiyo na asidi wala alkali. Na nusa kila moja kabla ya kuzipanga. Ukisikia harufu kali kama amonia, au ukaona mistari ya buluu au zambarau juu ya weupe, hiyo si ya aina moja na nyingine, itoe ikae peke yake manake inaweza kutia madoa jirani zake.

Mchwa. Sanduku lisiguse ukuta wala sakafu. Liweke juu ya meza ya chuma au stuli, shubiri moja kutoka ukutani kila upande, uwe unaona miguu yote, mchwa hafiki bila kujenga njia ya udongo na njia ukiiona unaivunja. Usipulize dawa ya wadudu kwenye karatasi hata kidogo. Kama umeona vidudu ndani, wale wa rangi ya fedha wanaokimbia au mayai ya mende, tia furushi kwenye mfuko wa plastiki uufunge kabisa, friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja mpaka mbili, kisha utoe na USIFUNGUE mpaka siku ya pili, maji yafanyike nje ya plastiki si ndani. Wenye friza za samaki wanazo nyuzi hizo, ila mfuko uwe mara mbili. Michoro ya buluu usiitie friza, haina haja.

Bati likifungwa muda mrefu huku kwetu linatoka jasho kwa ndani, kwa hiyo kaskazi ikivuma kavu lifungue asubuhi lipate hewa, na masika likae limefungwa na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu na redio, ila vikae pembeni visiguse karatasi. Pini na stepo zenye kutu zing'oe, polepole, telezesha kipande cha plastiki laini chini yake kwanza. Selotepu hapana. Kalamu hapana, penseli tu.

Na kabla ya yote haya, kabla hujahamisha hata karatasi moja zaidi, piga picha sanduku lilivyo sasa na uandike kipi kilikuwa juu na kipi kilikuwa chini kama unavyokumbuka. Watu wananiletea hati zimepangwa vizuri kwa ukubwa na wamepoteza kila kitu. Babu alikuwa na sababu ya kuiweka bahasha ile kando ya lile buku.

Ngomeni_Mvuvi

Nimesoma yote jamani na mimi nina swali la jirani. Ami yangu alikuwa kibarua kwenye majukwaa ya San Marco hapa kwetu Ngomeni, yale ya Wataliani ya kurushia roketi, na ametuachia faili mbili, zina karatasi za Kitaliano na za Kiingereza, nyingine zina michoro ya roketi ya hatua nne na jina Scout. Yeye alikuwa akituhadithia ile setilaiti iliyorushwa tarehe 12 Disemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru, ikaitwa Uhuru, alikuwa analia akihadithia. Hizi nazo ni za hapa au hazihusiani na ndege?

Katalogi_Kuukuu

Zinahusiana sana ndugu yangu, na kwa kweli umenipandisha moyo. Kutoka pale Ngomeni setilaiti zilirushwa kati ya 1967 na 1988, na karatasi za kazi za pale zilizo mikononi mwa watu wa pwani sijawahi kuziona hata moja. Uhuru ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kutazama miale ya eksirei angani, vitabu vya dunia nzima vinaitaja, na jina lake ni letu. Usitenganishe faili. Kama kuna orodha za zamu, hati za stoo, hata karatasi za posho, hizo zina majina ya kazi za watu wetu ambazo kwenye ripoti kubwa hazimo. Niko tayari kuja Ngomeni Jumamosi na taa na simu yenye kamera nzuri, tuzipige hapohapo kwako zisitoke nyumbani.

Na BinMaweni, broshua yako kwa ulivyoeleza, kama ni 172, iko kati ya 1956 na 1959. Usikubali ikatwe kurasa. Hao wa fremu wanakata.

BinMaweni

Nimerudi. Mama nimemsomea yote, sehemu ya "hapa inavuja" akaniambia niisome tena. Sanduku sasa liko juu ya stuli ya chuma katikati ya chumba changu, ufa umezibwa kwa saruji jana, shemeji amenisaidia. Yule mnunuzi nimemwambia hapana, akaongeza pesa, nikamwambia hapana tena. Nimeorodhesha kwa penseli vitu 94, kwa mpangilio vilivyotoka. Huko mbele, kama familia itashindwa, tumekubaliana vyote kwa pamoja viende Hifadhi ya Nyaraka za Taifa Nairobi, visitawanyike.

Kitabu cha injini nimekisoma mpaka mwisho. Imetolewa kushoto, ikafungwa kulia kwenye ndege nyingine miezi minne baadaye, na sahihi ya msaidizi kwenye mistari yote miwili ni ya babu, ile S yake ya mkia mrefu aliyotuandikia kwenye madaftari ya shule.

Swali limebaki moja, dada BintAmu. Zile za buluu ziko tano na zimekakamaa. Nilijaribu kuinua pembe ya moja ikatoa sauti kama jani kavu, nikaacha. Na leo mvua inanyesha hapa tangu alfajiri. Ningoje kiangazi?

BintAmu

Usingoje kiangazi, leo ndiyo siku yenyewe. Karatasi iliyokunjwa ikikauka inakatika kwenye kunjo, ikipata unyevu wa hewa inalegea. Usiiguse kwa maji, wala usiiweke dirishani. Ilaze mezani juu ya shuka safi, mbali na mwanga, mlango wazi, feni imezimwa, iache masaa matatu manne ivute hewa ya mvua. Kisha fungua kunjo moja tu. Moja. Weka juu yake karatasi nyeupe safi na kipande cha mbao bapa na vitabu vizito, ilale mpaka kesho. Kesho kunjo la pili. Ikigoma usilazimishe, irudishie hewa.

FundiMstaafu

Ukifika pembe ya chini upande wa kulia utakuta kisanduku kina jina la kiwanda, namba ya mchoro, na herufi ya mabadiliko, A au B au C. Nitumie namba hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

BinMaweni

Nimefungua kunjo la kwanza saa kumi jioni, halikukatika. Ni mbavu za bawa, zimechorwa kwa upande, na kuna alama ya kikombe cha chai. Kile kisanduku kiko ndani ya kunjo la pili. Nimeweka mbao na misahafu hapana, nimeweka kamusi na matofali mawili yaliyofungwa kwa kanga ya mama. Kesho jioni nitaandika namba hapa.